Ndege wa Kitabuni na Ndege wa Ziwani

Kitabu cha kutambulisha ndege ni aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu huyapita bila kuyatupia jicho. Huyahesabu kuwa chombo tu, kama ramani au kamusi. Hata hivyo ni maandishi yanayosomwa sana. Huchakaa kwa vumbi na jasho kuliko riwaya, na yana namna yake ya kumwelekeza msomaji aone nini na asione nini. Kwa sababu hiyo yanastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivisoma vitabu hivi katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, nchini Kenya, katika miezi ya mvua na ya ukame. Ningependa kueleza hapa jambo ambalo vinalifanya vizuri, na mahali ambapo ziwa lenyewe linavishinda.

Vitabu vinavyohusika si vingi. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyekuwa mtunzaji wa ndege katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, alitoa mwongozo wake wa ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati, nao ukawa mwalimu wa kizazi kizima cha watazamaji. Mwaka 1996 Zimmerman, Turner na Pearson wakatoa kitabu kikubwa cha ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe wakatoa kile ambacho leo hukionekana mikononi mwa waongoza watalii wengi, chenye picha upande mmoja, na maelezo na ramani upande wa pili. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Vyote, nitakavyoeleza, vinamfundisha msomaji swali moja.

Swali hilo ni: huyu ni ndege gani? Tusilidharau. Mtu aliyekulia katika Kiswahili ana neno yangeyange, na kwa neno hilo huwakusanya ndege weupe wote wenye shingo ndefu wanaosimama majini. Kitabu humfungulia kundi hilo. Humwonyesha kwamba mdogo kati yao ana mdomo mweusi, na miguu yake myeusi huishia kwenye vidole vya manjano, kana kwamba amevaa soksi; kwamba mkubwa ana shingo iliyopinda kama iliyovunjika; kwamba yule afuataye ng'ombe ni mfupi na mnene. Vivyo hivyo kwa heroe. Mtalii anayewaona kwa mbali huona utepe mmoja wa waridi. Kitabu humwambia atazame mdomo. Mwenye mdomo wa rangi ya damu iliyoganda, mzito na wa giza, ni heroe mdogo. Mwenye mdomo wa waridi uliochovywa wino nchani ni heroe mkubwa. Tofauti hiyo ni zaidi ya urembo. Heroe mdogo huchuja viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea juu ya maji ya magadi, na mkubwa hukoroga matope kutafuta wadudu na vijidudu vya majini. Ni wali katika sahani mbili, na sahani moja ikikauka nyingine huweza kubaki imejaa. Mtu asiyejua kuwatenganisha hawezi kujua ni nani aliyeondoka na kwa nini.

Hiyo ndiyo sifa kuu ya vitabu hivi: vinatia nidhamu katika jicho. Vinatulazimisha kusema "mdomo", "ukosi", "mstari juu ya jicho", badala ya kusema "ndege mmoja hivi mzuri". Laiti uhakiki wetu wa fasihi ungekuwa na nidhamu hiyo.

Sasa nije kwenye kasoro. Mfungue mwandishi yeyote kati yao kwenye ukurasa wa ndege wa matopeni. Ndege wamepangwa safu, wote wametazama upande mmoja, juu ya karatasi nyeupe. Hapana matope, hapana upepo, hapana mwezi wa Machi. Kila mmoja amesimama katika wakati usiokuwa wakati. Kalenda huingia ukurasani kwa mlango wa nyuma tu, katika vineno vifupi vya maelezo: mkaazi, mgeni, mpita njia, kuanzia Septemba hadi Aprili. Msomaji huvipita vineno hivyo haraka ili arudi kwenye picha.

Ziwa Nakuru limejengwa juu ya vineno hivyo. Anayelitembelea mara moja hukuta ndege; anayelitembelea mwaka mzima hukuta zamu. Mwezi Januari na Februari, jua linapokuwa kali, maji hurudi nyuma na kuacha ukingo wa matope wenye ganda jeupe la magadi. Hapo ndipo vitwitwi hukimbia kwa maelfu, na bata wenye mdomo mpana kama mwiko, waliotoka Ulaya na Asia, huzungukazunguka majini wakichuja chakula. Mwezi Machi jambo hutokea ambalo picha haiwezi kulionyesha: ndege wale wale wa kijivu huanza kubadili nguo. Wekundu huchomoza mgongoni, weusi huchomoza kifuani, kama mtu anayefunga sanduku la safari huku ameshavaa nusu ya mavazi ya harusi. Kufikia mwisho wa Aprili ukingo umetulia.

Kisha masika. Katika nyasi ndefu kwera husuka viota, na dume la ndege mweusi mwenye mkia mrefu huruka chini chini akiuburuta mkia wake kama kanzu ya mtu mfupi. Nje ya majira hayo dume huyo huwa na rangi ya nyasi kavu kama jike, na mgeni hawezi kuamini kwamba ni yeye yule. Juni na Julai asubuhi huwa na baridi, na wakaazi huwa peke yao na ziwa lao. Agosti mvua hurejea, kwa maana Nakuru ina kilele cha tatu cha mvua ambacho mwambao wa Mombasa hauna, na katika mvua hiyo ya Agosti ndege wa kwanza kutoka kaskazini hutua, wamechakaa, manyoya yao yakiwa na mabaki ya rangi ya kuzalia. Oktoba na Novemba mbayuwayu hujaa angani. Wakerembe, walaji wa nyuki kutoka Ulaya, hupita juu sana, na sauti zao hufika chini kabla macho hayajawapata.

Miongoni mwa hao wa matopeni yumo mmoja ambaye Kiingereza humwita ruff. Wengi wanaokuja kwetu ni majike, na pete zilizofungwa miguuni mwao katika maziwa ya Bonde la Ufa zimepatikana Siberia. Dume huota ukosi mkubwa wa manyoya shingoni wakati wa kuzaa, na jina lake la Kiingereza limetokana na ukosi huo. Huku kwetu ukosi huo hatuuoni. Kwa hiyo ndege anayeishi nasi sehemu kubwa ya mwaka anaitwa kwa vazi analolivaa majuma machache ugenini. Silaumu Kiingereza; kila lugha huita kwa kile inachokiona. Nauliza tu: sisi tunaomwona kuanzia Agosti hadi Aprili tumemwita nani? Kitwitwi, pamoja na wengine kumi. Jina la kundi halitoshi kumkosa mmoja akipotea.

Kuna usomaji wa pili wa ziwa hili, nao umekuwa na nguvu kuliko ule wa vitabu vya kutambulisha. Ni usomaji wa tamasha. Roger Tory Peterson, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani, aliwahi kulisifu Nakuru kuwa tamasha kuu kuliko yote ya ndege duniani, na sifa hiyo imenakiliwa katika vijitabu vya watalii hadi imekuwa kama sehemu ya jina la ziwa. Kadi za posta zikafuata: ukingo wa waridi, vilima nyuma, na mwari wachache mbele kwa ajili ya mizani.

Nauona usomaji huu kuwa dhaifu, kwa sababu unalifanya ziwa liwe na deni. Heroe wakiwapo, ziwa limelipa. Wakitoka, mgeni huona ameibiwa. Lakini heroe hutoka. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, wakatoka. Kuanzia mwaka 2010 maji yakapanda, eneo la ziwa likapanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, barabara za ukingoni zikafunikwa, migunga ya manjano ikafa ikiwa imesimama majini, nao wakatoka tena. Ukame na gharika vilileta tokeo moja kwa heroe mdogo. Maji yakipungua kupita kiasi, chakula chake huporomoka. Yakizidi, magadi huzimuliwa na vile viumbe vya kijani hupungua. Hapo huhamia Bogoria, Elementaita na kwingineko. Mwenye kusoma tamasha huandika, "Hakuna ndege." Wakati huo huo mnandi wamejaa kwenye migunga iliyokufa, vibisi wanazama na kuibuka, na furukombe anaita mahali palipokuwa barabara. Ukurasa umegeuzwa, na yeye bado anadai ule wa jana.

Tena tamasha hilo lenyewe halikuwa la kale kama kadi zinavyodai. Mwari wale wa mbele pichani walikuja kwa wingi baada ya watu kutia ziwani samaki wadogo kutoka Magadi, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Kabla ya hapo ziwa halikuwa na samaki wa kuwalisha. Kwa hiyo nusu ya picha ya "asili isiyoguswa" ni kazi ya mkono wa mtu. Sisemi hivyo ili kumpunguzia mwari uzuri wake. Nasema kwamba anayesoma picha bila kuuliza imetoka wapi hajasoma.

Usomaji wa tatu nauona katika kitabu cha Leslie Brown kuhusu siri ya heroe, kilichotoka mwaka 1959. Brown alikuwa ofisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni, na ndege walikuwa shughuli yake ya pembeni. Aliuliza swali moja la kitoto: hawa maelfu kwa maelfu huzaa wapi? Mwaka 1954 akayaona makoloni yao kutoka angani, katikati ya matope ya magadi ya Ziwa Natron, Tanganyika. Akajaribu kuwafikia kwa miguu, na magadi yakamuunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitalini. Kitabu chake kina kasoro inayotokana na sifa yake: ni kisa cha mtu mmoja na kitendawili chake, na ziwa hugeuka uwanja wa ushujaa wake. Lakini kinafanya jambo ambalo mwongozo haufanyi. Kinamfuata ndege kutoka mahali hadi mahali, kutoka mwezi hadi mwezi, na kinamfanya msomaji atambue kwamba heroe wa Nakuru hawezi kueleweka Nakuru peke yake. Yai lake liko Natron. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walizaa Magadi, na makinda yakafungwa miguu na pingu za magadi yaliyoganda. Watu waliingia majini kuzivunja na kuokoa maelfu. Habari kama hiyo haina pa kukaa katika ukurasa wenye mstari wa "mdomo: mwekundu wa giza".

Hapa Kiswahili kina neno la kusema. Katika lugha yetu ndege si kiumbe mwenye mbawa tu. Wazee walisema "ndege njema" na "ndege mbaya" wakimaanisha dalili: jambo lililokutana na msafiri njiani na kumwambia habari ya safari yake. Bundi akilia juu ya paa, watu walihesabu siku. Najua vizuri kwamba bundi hana habari zozote za msiba wa mtu, na wengi wamepigwa mawe bure kwa ajili ya ushirikina huo. Jibu lilikuwa la uongo, ila umbo la swali lilikuwa sahihi. Mtu hakuuliza tu, "Huyu ni nani?" Aliuliza, "Amekuja na habari gani?"

Nakuru inadai swali hilo. Ziwa halina mto wa kulitoa maji. Kila kinachoingia hubaki: maji ya Njoro, Makalia na Nderit yanayoteremka kutoka Mau, udongo wa mashamba yaliyofyekwa msituni, na maji machafu ya mji uliopakana na ua wa mbuga, mji ambao mwaka 2021 ulipewa hadhi ya jiji. Mwaka 1993, na tena 1995, heroe walikufa kwa wingi katika maziwa haya ya bonde. Wataalamu walitaja sumu za vile viumbe vya kijani, madini mazito na maradhi. Hawakuafikiana kwamba kisa ni kimoja. Lakini hapana aliyesimama ukingoni siku zile akafikiri kwamba swali kuu lilikuwa jina la ndege. Ile ilikuwa ndege mbaya kwa maana ya wazee, na safari iliyokuwa ikiaguliwa ilikuwa yetu.

Msomaji aweza kunipinga hapa, tena kwa haki. Atasema kwamba ninaulaumu mwongozo kwa kutokuwa kile ambacho haukukusudiwa kuwa. Kwamba kamusi hailaumiwi kwa kukosa hadithi. Nakubali, na naongeza hoja kwa upande wake. Kuagua bila kutambua ni umbeya. Mtu anayesema "ndege wamepungua" bila kujua ni ndege gani, mwezi gani, wakilinganishwa na mwaka gani, hana tofauti na yule wa bundi. Hesabu za ndege wa majini zinazofanywa katika maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zimewezekana kwa sababu watu wengi, wakiwamo vijana wengi wa Kikenya, walijifunza kwanza kutenganisha mdomo na mdomo katika vitabu hivi ninavyovihakiki. Bila huyu ni nani, hapana amekuja na habari gani.

Kwa hiyo hukumu yangu si dhidi ya kitabu bali dhidi ya rafu. Rafu yenye aina moja tu ya kitabu humlea msomaji wa aina moja. Mtazame korongo mwenye taji, ambaye Uganda imempa heshima ya kuwa ndege wa taifa. Picha yake katika kitabu cha zamani na katika kipya hutofautiana kidogo sana: taji la dhahabu, shavu jeupe, mkoba mwekundu kooni. Kati ya picha hizo mbili ndege huyo amepungua kiasi kwamba tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, kwa sababu vinamasi vyake vimelimwa na makinda yake yamekamatwa na kuuzwa. Picha inabaki nzima wakati mwenyewe anaondoka. Huo ndio udhaifu wa ndani kabisa wa ukurasa mweupe, nao hauponi kwa kuchora vizuri zaidi.

Ningependa kuona, kwa Kiswahili, kitabu cha ndege wa ziwa moja kilichopangwa kwa miezi badala ya jamii za ndege. Ukurasa wa Novemba ungekuwa na mbayuwayu na kina cha maji. Ukurasa wa Mei ungewataja walioondoka pamoja na waliobaki. Vitwitwi wangepewa majina mmoja mmoja, na majina hayo yangetokana na jinsi tunavyowaona sisi: mkimbizaji wa mawimbi, mtikisa mkia, mwenye nyayo za manjano. Kitabu hicho kingechakaa haraka, kwa kuwa ziwa lingekipita. Kingehitaji kuandikwa upya kila baada ya miaka kumi, na kila toleo lingekuwa ushahidi wa lile lililotangulia.

Hadi hapo, natumia pambizo. Vitabu hivi vina pambizo nyembamba, lakini zinatosha kwa tarehe, neno moja la mvua, na idadi. Katika nakala yangu, kando ya picha ya heroe mdogo, kuna tarehe nyingi zenye sufuri mbele yake. Nimeziacha zote zisomeke. Mtu atakayekirithi kitabu hicho aweza kuona kwamba mwenye kalamu alikwenda ziwani hata siku hizo.